Kibanzi cha Kumi na Mbili

Bwana Caleb alikisogeza kibanzi karibu na dirisha, akakiinamia mpaka miwani yake ikakaribia kuligusa jiwe. Kisha akatabasamu. Dedan Mbuthia alikuwa hajaliona tabasamu hilo kwa miaka mingi.

"Mbuthia, leo umejishinda mwenyewe," alisema mkuu huyo wa bohari. "Hii saba yako imesimama kama askari wa gwaride."

Mbuthia alinyoosha shingo aitazame. Saba hiyo haikuwa yake.

"Ni ya Muhiba," alisema, na maneno hayo matatu yakamkwaruza koo kama makapi ya mtama.

"Ala! Ya huyu binti?"

Muhiba alikuwa mwisho wa meza, ameinama juu ya sinia la mawe, mtandio umemtelezea mabegani. Hata kichwa hakuinua. "Nimefundishwa na mwalimu," alijibu, akimwelekezea Mbuthia kidevu.

Hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Laiti msichana angejigamba, Mbuthia angejua namna ya kumchukia.

Bohari hilo la makumbusho lilikuwa Industrial Area, limebanwa kati ya kiwanda cha sabuni na karakana ya malori, paa lake la mabati likitoa joto kuanzia saa nne asubuhi. Ndani mlikuwa na mawe zaidi ya elfu themanini. Si mawe ya kujengea. Ni mawe ambayo watu wa kale, kabla ya chuma na kabla ya maandishi, waliyagonga wakayachonga makali, wakachunia ngozi na kukatia nyama, kisha wakayaacha. Wasomi waliyachimbua katika Bonde la Ufa wakayaleta kwa masanduku. Lakini jiwe likitoka kwenye sanduku bila namba halina maana yoyote kwa mtu. Lazima liwepo neno la kulitambulisha: limetoka wapi, mwaka gani, ni la ngapi.

Kazi hiyo Mbuthia aliianza mwaka wa 1962, na sasa ulikuwa 1981. Huliosha jiwe kwa mswaki mkuukuu, hulianika juu ya gazeti, halafu hupaka mstari mwembamba wa vanishi ya kucha ubavuni. Ukikauka, huandika juu yake kwa kalamu ya nibu na wino mweusi: herufi za eneo, mwaka, namba. Hupaka vanishi tena juu. Mwisho hujaza kadi: jiwe la aina gani, urefu, upana, kama ni kiini, yaani bonge lililogongwa, au ni kibanzi, yaani kipande kilichobanduka kutoka kwenye bonge hilo. Namba zake zilikuwa na kimo cha milimita mbili, nyembamba, zimesimama wima. Wageni walipewa lenzi wazitazame.

Kule Umoja alikokaa, majirani walikuwa wakiongeza vyumba kwenye nyumba zao, na nyundo za mafundi zilitwanga mawe tangu Jumatatu hadi Jumatatu. "Baba Warigia," walimtania, "sisi twanunua mawe, wewe unalipwa kuyaogesha!" Alicheka nao. Hakuwaambia jambo lililokuwa moyoni.

Na jambo lenyewe ni hili, nasi tuliseme wazi kwa sababu limefichwa vya kutosha. Kadi ya makumbusho ina nafasi ya jina la eneo, ina nafasi ya jina la msomi aliyesimamia uchimbaji, ina nafasi ya jina la tajiri aliyetoa fedha. Haina nafasi ya jina la aliyeosha. Vitabu vinene vimeandikwa juu ya mawe yale, vina picha za rangi na kurasa nzima za shukrani. Upekue toka jalada hadi jalada, hutamkuta Dedan Mbuthia. Lakini tazama picha yenyewe kwa makini, pale ubavuni mwa jiwe. Utaona namba. Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yake. Katika ulimwengu mzima wa elimu, alichobakishiwa mtu huyu kilikuwa na kimo cha milimita mbili, na sasa kuna aliyekuja kukichukua.

Muhiba aliletwa mwezi wa Februari kupiga taipu, kwa majaribio ya miezi sita. Taipu ikaharibika wiki ya pili. Bwana Caleb, asione mtu amekaa bure, akampa kazi ya kufufua namba za zamani zilizofifia: kuifuta ya kale kwa pamba yenye dawa ya kuondoa rangi ya kucha, na kuinakili upya vilevile ilivyokuwa. Mbuthia ndiye aliyemwonyesha. Siku ya tatu hakuwa na la kumwonyesha tena.

"Mkono huu umeutoa wapi?" alimuuliza.

"Kwa mama. Bi. Kadija wa piko, pale Majengo. Waulize mabibi harusi wote wa Pumwani. Tangu nina miaka saba nilikuwa najaza maua kwenye nyayo." Akalipuliza jiwe kidogo. "Hili ni rahisi, mwalimu. Jiwe halicheki ukilitekenya."

Tangu siku hiyo Mbuthia akawa mtu wa kulinganisha. Alizipima namba za Muhiba kwa rula msichana alipokwenda kuswali. Alihesabu mawe: yeye arobaini na tano kwa siku, msichana sitini. Akaichukua nibu nzuri kuliko zote, ile ya Ujerumani, akaifungia kwenye droo yake. Kesho yake Muhiba alikuja na kijiti chembamba cha piko alichokichonga mwenyewe, na namba zake zikazidi kupendeza.

"Mzee Mawe," Hared, askari wa lango, alimwambia jioni moja akiwa ameegemea ukuta, "naona mtoto wa Majengo anakunyoa bila maji!"

"Wewe linda geti."

"Nalinda. Lakini macho hayana kufuli, mzee."

Nyumbani hali ilikuwa hiyo hiyo. Muhiba kafanya hivi, Muhiba kasema vile. Mkewe, Teresiah, alivumilia mwezi mmoja, na wa pili akaweka sahani ya nne mezani, karibu na ya Warigia, binti yao.

"Ya nani hiyo?" Mbuthia aliuliza.

"Ya Muhiba. Maadamu anakula hapa kila jioni, na ale vizuri."

Warigia aliangua kicheko. Baba yake hakucheka. Angemweleza vipi mkewe kwamba hakuutamani uso wa msichana yule, alichokitamani ni vidole vyake?

Mwezi wa Julai mambo yakawa mabaya zaidi. Saa ya chakula cha mchana, Muhiba alikuwa akitafuna mahamri kwa mkono mmoja na kuvichezea vibanzi kwa mkono wa pili. Sinia lilikuwa la eneo liitwalo Bwawani, mawe meusi ya volkano yanayong'aa kama chupa. Ghafla akasema, "Mwalimu, sikiliza."

Akakisukuma kibanzi kwenye kiini. Tik! Kikaingia, kikakaa, na ufa kati yao ukapotea kabisa.

"Kama kuunga kikombe cha mama," alisema, macho yamemtoka kwa furaha. "Kilibanduka hapa hapa!"

Kufikia katikati ya mwezi alikuwa ameviunganisha vibanzi kumi kwenye kiini hicho kimoja. Bwana Caleb alikuwa akija kukitazama asubuhi na jioni, kama mtu mwenye mtoto mchanga. Aliwaeleza kwamba sasa wanaweza kumfuata mtu wa kale pigo kwa pigo: hapa aligonga, hapa akaligeuza jiwe, hapa akakosea akaanza upya. Alimpigia simu msomi mmoja mkubwa aje aone. Na kila alipotamka "Muhiba", Mbuthia alihisi kitu kikimfinya chini ya mbavu. Vibanzi vyote kumi vilikuwa vimepita mikononi mwake. Aliviosha yeye, mgongo na tumbo. Miaka yote hiyo havikumwambia neno.

Kisha, Ijumaa, kikaunganika cha kumi na moja, kimoja cha vile alivyokwisha kuvifufulia namba. Bwana Caleb akaigeuza namba kwenye mwanga. Herufi hazikuwa za Bwawani. Zilikuwa KJ: Korongo Jekundu.

Tabasamu likamtoka. "Korongo Jekundu liko kilomita themanini kutoka Bwawani. Huyu mtu wa kale aligonga jiwe Bwawani, kibanzi kikaruka mpaka kule?"

Hakuna aliyecheka.

"Wino ni wako, Muhiba. Uliinakili vibaya."

"Sikuinakili vibaya, Bwana. Niliandika nilichokikuta."

"Na ulichokikuta ukakifuta kwa pamba. Sasa nitajuaje?" Akamgeukia Mbuthia. "Wewe ndiye uliyeziandika za kwanza. Masinia haya mawili yamewahi kuchanganyika?"

Mashine za kiwanda cha sabuni zilikuwa zikinguruma nyuma ya ukuta. Muhiba alimtazama Mbuthia kwa matumaini. Alikuwa na hakika kwamba mwalimu atasema.

"Hayajawahi," alisema Mbuthia.

"Basi." Bwana Caleb akavua miwani. "Anayebadilisha namba ya jiwe ni sawa na muuguzi anayebadilisha vitoto wodini. Baada ya hapo hakuna anayejua mama ni nani. Binti, nenda nyumbani. Jumatatu uje uchukue barua yako."

Yalikuwa yamechanganyika. Mbuthia alijua siku na saa.

Ilikuwa mwaka wa 1966. Sheria ya bohari ilikuwa sinia moja, safari moja. Kila mfanyakazi aliiimba kama sala. Lakini asubuhi hiyo Teresiah alikuwa hospitali ya uzazi ya Pumwani, uchungu umemshika, mtoto wao wa kwanza, naye alitaka kumaliza mapema. Akabeba masinia mawili, moja juu ya jingine. Mawe yalikuwa yameoshwa, hayajaandikwa namba. Kilichoyatenganisha kilikuwa karatasi mbili tu za majina. Goti likagonga kona ya meza. Mawe mia mbili na kumi na manne yakamwagika sakafuni, na karatasi zikaelea juu yake. Hakukuwa na mtu. Akayagawa kwa rangi: yenye ukijani Korongo Jekundu, meusi tititi Bwawani, na yale ya katikati akayatupia popote mkono ulipokwenda. Akayaandika namba zote kwa uzuri wake wote. Kisha akakimbia kwenda kumwona Warigia.

Jumamosi bohari lilifanya kazi mpaka saa saba. Muhiba hakuwepo. Meza nzima ilikuwa ya Mbuthia tena, na alitarajia kupumua. Badala yake aliletewa na wivu wake swali jipya: Yule aliviona kumi na kimoja. Mimi siwezi hata kimoja?

Akafunga mlango. Akakiweka kiini mbele yake pamoja na sinia la Korongo Jekundu, akaanza kujaribu. Kibanzi cha kwanza hapana. Cha ishirini hapana. Saa mbili zikapita, jasho likamdondokea mezani. Alianza kumtukana kimoyomoyo msichana na mama yake na maua yote ya piko ya Majengo. Alichoka kutafuta kwa macho, akayafumba. Akaanza kutafuta kwa kidole gumba, taratibu, kama alivyokuwa akiyaosha.

Tik!

Akafumbua macho. Kilikuwa kimekaa. Kidogo, chembamba kama ukucha, kimeziba pengo ambalo Muhiba mwenyewe alikuwa ameliacha. Mbuthia alicheka peke yake katika bohari zima. Alikiondoa akakirudisha ili aisikie sauti ile tena. Alitamani kumwita mtu, hata Hared.

Kisha akaiona namba. KJ/66/117. Vanishi yake ilikuwa ya manjano kwa uzee. Pamba ya Muhiba haijawahi kuigusa. Saba ilikuwa yake, mguu wake umepinda kidogo kushoto, kama alivyoziandika ujanani. Hakuna mtu duniani ambaye angeweza kusema kwamba saba hiyo iliandikwa na Muhiba.

Akafanya jambo ambalo hakulifanya kwa miaka kumi na tisa. Akakitia kibanzi katika mfuko wa shati, akaondoka nacho.

Jumapili alasiri, nyundo za mafundi zilikuwa zimenyamaza kidogo, Teresiah alikuwa uani akifua. Akaja mlangoni, povu mikononi, kibanzi kiganjani.

"Baba Warigia, ndiyo zawadi mnazopeana hizi?"

"Lete hapa! Kitakatika!"

"Kwanza sema."

Akasema. Alisema yote, kwa sababu uongo mwingine ungetaka kupangwa na hakuwa na nguvu za kupanga. Teresiah alisikiliza amesimama.

"Ndiyo maana ulikuja wodini goti likitoka damu," alisema mwishowe. "Ukaniambia uliteleza barabarani ukikimbia. Nami nimewasimulia watu miaka kumi na mitano jinsi mume wangu alivyokimbia mpaka akaumia."

"Nilikimbia pia."

"Nyamaza." Akaketi kizingitini. "Sasa huyo msichana kesho anafukuzwa kwa ajili ya goti lako."

Mbuthia alikitazama kibanzi mkononi mwa mkewe, na hata katika saa hiyo, Mungu amsamehe, alikuwa akifikiri jinsi kilivyoingia vizuri. Teresiah aliyaona macho yale. Alikuwa ameishi nayo.

"Ameviunganisha vingapi, huyo Muhiba wako?"

"Kumi na kimoja."

"Na wewe?"

"Kimoja. Kile ambacho yeye hakukiona."

"Kiko wapi?"

"Si hicho umekishika? Kilikuwa mfukoni."

"Basi huna hata kimoja," alisema Teresiah, akamtilia kibanzi mkononi, akarudi kwenye karai lake.

Maneno hayo yalimchoma kuliko habari za goti. Usiku alijigeuza kitandani akiyarudia. Huna hata kimoja. Akikitupa kibanzi, au akikirudisha kimya kimya kwenye sinia la Korongo, atabaki na jina lake safi mpaka astaafu, na hakuna atakayejua kamwe kwamba Dedan Mbuthia naye alisikia jiwe likisema tik. Akikitoa, watajua yote mawili. Hayatengani. Wala hatutamfanya mtakatifu hapa: siyo huruma peke yake iliyomwamsha Jumatatu.

Muhiba alikuwa ameketi kwenye benchi la Hared, buibui mpaka shingoni, akingoja barua. Hakumwamkia. Mbuthia alimpita, akakichukua kiini mezani na kwenda moja kwa moja kwa Bwana Caleb.

"Sikiliza," alisema, akakisukuma kibanzi mahali pake.

Bwana Caleb aliisikia. Akainama kwa lenzi. "Nani amekiunganisha hiki?"

"Mimi."

"Wewe! Kumbe nawe..." Akaigeuza namba. "KJ. Mbuthia, huu ni mkono wako."

"Ni wangu. Na kosa ni langu. Niliyamwaga masinia mwaka wa sitini na sita, nikayagawa kwa rangi. Msichana alinakili alichokikuta."

King'ora cha kiwanda kikalia. Bwana Caleb alipoongea, sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulisikia. Barua itaandikwa, lakini itakuwa ya onyo, tena ya Mbuthia. Muhiba anaajiriwa rasmi. Mawe yote mia mbili na kumi na manne yanaanza upya. Na mpaka yaishe, Mbuthia asishike kalamu.

"Nani ataishika?" aliuliza Mbuthia, ingawa alijua.

Muhiba aliketi mahali pake bila kuvua buibui. Akafungua chupa ya dawa, akachovya pamba, akangoja Mbuthia akae.

"Ijumaa ulinitazama hivi hivi," alisema.

"Nilikutazama."

"Nikawaza, mwalimu atasema sasa hivi. Nikahesabu mpaka tano."

"Nilinyamaza. Nilikuonea wivu, mwanangu. Hata sasa nakuonea."

Muhiba hakulitarajia jibu hilo. Akanyoosha mkono. "Lete hicho kibanzi, Mzee Mbuthia."

Hakumwita mwalimu. Wala hakumwita hivyo tena mpaka mwaka ulipokwisha, na Mbuthia aliona ni haki yake. Pamba ikapita mara mbili tu, na saba ile yenye mguu uliopinda ikawa doa jeusi. Kijiti cha piko kikashuka, kikaandika. Mbuthia aliinama atazame. Alikuwa akiomba aione kasoro, hata ndogo. Hakuiona. Ikamuuma palepale, chini ya mbavu.

Lakini alikuwa amekwisha kufanya hesabu. Kumi na kimoja kwa kimoja. Na sinia zima lilikuwa bado.

Kesho yake aliondoka Umoja alfajiri, akafika langoni kabla ya saa moja, kidole gumba kikimwasha.

"Mzee Mawe!" Hared alishangaa. "Umefukuzwa nyumbani?"

"Fungua mlango."

"Pole pole. Wewe ni wa pili."

Mbuthia akageuka. Kwenye benchi, nyuma ya kibanda cha askari, Muhiba alikuwa akinywa chai ya Hared, akiungoja ufunguo.